Nyuma ya Picha: Seydou Keïta, Fundi wa Bamako

Yuko kijana mmoja ambaye nimemtazama mara nyingi kuliko nilivyowatazama baadhi ya akraba zangu, na hata leo sijui jina lake wala la baba yake. Amevaa koti jeupe na tai. Mfukoni kifuani amechomeka kitambaa na kalamu. Miwani yake ina fremu nene nyeusi, ya namna iliyowapendeza vijana wa zama zile. Na mkononi ameshika ua moja tu, ameliinua mbele yake kwa uangalifu wa mtu achukuaye kikombe kilichojaa pomoni. Picha hiyo ilipigwa Bamako mwaka 1959, mwaka mmoja kabla ya Sudan ya Kifaransa kupata uhuru wake na kuitwa Mali, na aliyeipiga ni Seydou Keïta, ambaye leo majumba ya sanaa ya Paris na New York yanamhesabu miongoni mwa mabingwa wa picha wa karne ya 20, ilhali alipokuwa akiipiga alikuwa fundi wa mtaani, mwenye studio uani kwake, akitafuta riziki ya halali kwa kuwapiga watu picha walizozitaka wenyewe.

Nimetumia neno fundi, nami silitumii kwa kumshusha. Lugha yetu haikupata kujenga ukuta baina ya ufundi na sanaa. Anayechonga mlango wa Unguja ni fundi, na hapana mtu mwenye akili zake atakayesimama mbele ya mlango ule akauliza kama ni sanaa au si sanaa. Ukuta huo walikuja nao wengine, na habari za Keïta, kwa sehemu kubwa, ni habari za mtu aliyeishi upande mmoja wa ukuta kwa miaka sabini, kisha akachukuliwa akavushwa upande wa pili, picha zake zikiwa mbele na yeye nyuma.

Alizaliwa Bamako, yapata mwaka 1921, mwana wa kwanza katika nyumba ya watoto watano, na ukoo wake ulikuwa wa maseremala. Shule hakuingia. Alipofikia umri wa kushika randa, alishika randa, akajifunza kwa baba yake na kwa ami yake namna ya kutengeneza viti na meza. Ami huyo ndiye aliyerejea kutoka safari ya Senegal mwaka 1935 akiwa na kamera ndogo ya Kodak Brownie, pamoja na filamu ya picha nane, akampa kijana, aliyekuwa na miaka kama 14. Picha zile za kwanza hazikuwa za kusifiwa. Lakini Mfaransa mmoja, Pierre Garnier, alikuwa na duka la vifaa vya picha mjini, na huko ndiko kijana alikopeleka filamu zake kusafishwa, akirudi kila mara na maswali mengi kuliko aliyoondoka nayo nyumbani. Na mwalimu mmoja wa shule, Mountaga Dembélé, aliyekuwa pia mpiga picha, akamfunulia siri za chumba cha giza. Basi huo ndio uliokuwa uanafunzi wake wote: duka la mgeni, hisani ya mwalimu, na macho yake mwenyewe.

Mwaka 1948 akafungua studio Bamako-Coura, yaani Bamako Mpya, katika kiwanja cha familia, nyuma ya gereza kuu la mji. Mtu angedhani kuwa jirani wa namna hiyo angewafukuza wateja, lakini stesheni ya reli haikuwa mbali, na reli ya Dakar ilikuwa ikishusha wasafiri kila mara: wachuuzi, makarani, askari waliomaliza utumishi, wanawake waliokuja harusini, watu kutoka Ivory Coast na Niger na Volta ya Juu, kila mmoja akiwa na nauli ya kurudia na akiba kidogo ya kujifurahisha. Vijana wa Keïta walikwenda stesheni na sokoni wakiwa na picha za mfano mikononi, wakawaonyesha wapitao, na wapitao wakafuata.

Sasa na tuingie uani, maana hapa ndipo penye jambo. Kamera yake ilikuwa kubwa, ya kusimama juu ya miguu mitatu, ipokeayo filamu ya kipande kimoja kimoja chenye upana wa sentimita 13 na urefu wa sentimita 18. Mwenye kamera ya namna hii hujifunika kitambaa cheusi kichwani, akakitazama kioo cha nyuma, na katika kioo kile humwona mteja wake miguu juu kichwa chini, kama popo mwenye adabu. Humo hupima, husogeza, huinua kidevu cha mtu kwa neno au kwa ishara, mpaka aridhike. Kisha hutia filamu, na tangu dakika hiyo kioo huzibwa, haoni tena kitu ndani ya kamera. Hana budi kutoka chini ya kitambaa, asimame kando ya chombo chake, amtazame mteja uso kwa uso, kama watu wawili wanaozungumza, naye angoje. Kisha hufyatua. Na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, Keïta aghalabu alifyatua mara moja tu: mteja mmoja, picha moja, na asiyeridhika na alaumu uso wake.

Seremala hujua jambo hili tangu utoto, kwamba ubao ukishapitiwa na msumeno hauungwi tena. Nadhani tukitafuta asili ya utulivu ule unaoonekana katika picha za Keïta, ule uzito wa watu waliokaa kana kwamba hawataondoka kamwe, tusiitafute katika vitabu vya nadharia ya sanaa, ambavyo hakuvisoma. Tuitafute karakana, kwa baba yake, palipokuwa na mbao chache na watoto watano.

Nuru aliyoipenda ilikuwa ya jua. Nyuma ya mteja alitundika pazia, na pazia lake la kwanza lilikuwa firashi ya kitanda chake mwenyewe, yenye matamvua pembezoni. Ukizitazama kwa makini picha za miaka ya mwanzo utayaona matamvua yale yakining'inia juu ya vichwa vya watu waheshimiwa. Firashi ilipochakaa alinunua kitambaa kingine chenye maua, kisha kingine, akibadili kila baada ya miaka miwili au mitatu, na alipokuwa mzee, akiulizwa picha fulani ilipigwa lini, hakutazama uso wa mtu bali alitazama pazia, akataja miaka. Usiku negativu ililazwa juu ya karatasi, kifua kwa kifua, ikamulikwa kidogo, ikaoshwa, na picha ikatoka kwa kipimo kile kile cha filamu, wala haikukuzwa. Iliweza kutiwa katika bahasha ikapelekwa kwa mchumba kijijini. Iliweza kushikwa kwa mkono mmoja.

Wateja walikuja na nguo zao za sikukuu, na asiyekuwa nazo hakufukuzwa. Studio ilikuwa na suti za Kizungu, mashati, tai, viatu na kofia, za kuazimwa kwa muda wa picha. Ilikuwa na saa za mkononi, kalamu za wino, redio, baiskeli, pikipiki ya Vespa, na maua ya plastiki, na huenda ua la yule kijana wetu mwenye miwani lilitoka humo. Wanawake walitaka nguo zao zionekane tangu utosini hadi miguuni, na Keïta akajua kulitandaza lile vazi lao pana waliitalo bubu, ambalo kwa kweli si bubu hata kidogo, kwa maana katika picha zake nguo ndiyo inayosema kwanza. Mikono aliipanga kwa uangalifu uleule aliompangia mtu uso, vidole virefu vikilazwa juu ya nguo ili pete na bangili zipate kuhesabika. Na kwa picha za kifua alipenda kumgeuza mtu upande kidogo, bega moja mbele, kichwa kikiinama kiasi cha kutia haiba. Mkao huo ulipendwa mno Bamako hata watu wakaja wakiutaka kwa kuuonyesha tu.

Wako wasemao kwamba hayo yote ni uongo: saa si yake, suti si yake, redio si yake, basi mtu huyu ni nani? Nimelisikia swali hili hata kwa watu ninaowaheshimu, nami nakiri kwamba haliniingii. Keïta mwenyewe alieleza zaidi ya mara moja kwamba kazi yake ilikuwa kumfanya mteja awe mzuri, na kwamba hilo halikuwa gumu, kwa kuwa watu wenyewe walikuwa wazuri, ila ilitakiwa kujua namna ya kuwaweka. Itikadi yake yote ya sanaa imo katika maneno hayo, na kabla ya kuyadharau yafaa tukumbuke ni picha gani nyingine zilizokuwa zikipigwa katika nchi zile wakati ule. Palikuwa na kadi za posta zilizopelekwa Ulaya kwa maelfu, ambamo mwanamke aliwekwa uchi wa kifua mbele ya kamera na chini yake pakaandikwa kabila lake badala ya jina lake. Palikuwa na picha za vipande vya utambulisho, uso mbele, macho makavu, za kumsaidia mtawala kumjua mtawaliwa wake. Aliyeingia uani kwa Keïta aliingia kwa miguu yake mwenyewe, akalipa kwa fedha yake, akachagua kofia. Suti ya kuazima aliivaa kwa saa moja, lakini uamuzi wa kuonekana vile alivyotaka aonekane haukuwa wa kuazima.

Wala jambo hili si geni huku kwetu Pwani. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na vizazi vya watu wa Mji Mkongwe vikapita mbele ya kamera yake. Lamu, Omar Said Bakor alikuwa akikata na kuunganisha picha za wateja wake mpaka akawatia mahali ambapo miguu yao haikupata kufika. Na kivukoni Likoni wapiga picha walijenga vibanda vilivyopambwa kama vyumba vya maharusi ili abiria wa kutoka bara apate ukumbusho wa kwamba aliiona Mombasa. Katika sanduku la marehemu bibi yangu mzaa mama imo picha ya studio, ndogo, yenye pembe zilizokatwa kama meno ya msumeno: bibi amekaa, kijana bado, mkononi ana saa ambayo watu wa nyumbani wote wanaapa kuwa hakupata kuimiliki, na kando yake amesimama mwanamke mwingine, mrefu, ameweka mkono begani mwake kwa mapenzi yasiyofichika. Nyuma pana mhuri wa studio, uliofifia ukabaki herufi mbili tatu. Yule mwanamke mrefu hatumjui. Waliomjua wamekwisha kufa wote.

Narudi Bamako. Picha ninayoiona kuwa kilele cha kazi yake ni ile ya mwanamke aliyelala ubavu, ya katikati ya miaka ya 1950: ameegemea mkono, anatutazama bila haraka, chini yake pana shuka la miraba, nguo yake ina nakshi zake, na pazia la nyuma lina nakshi nyingine, na hizo nakshi tatu, ambazo kwa kanuni zingegombana zikamzamisha mtu, zimemchukua kama maji yanavyochukua mashua. Wataalamu wa Ulaya wameandika kurasa nyingi juu ya mpatano huo wa nguo na pazia, wakamtaja mchoraji huyu na yule. Keïta alipoulizwa alisema ni bahati tu. Mteja alikuja na nguo aliyokuja nayo, na pazia lilikuwa lile lililokuwapo. Namsadiki, lakini nusu tu. Bahati yaweza kukuletea nguo yenye mistari mbele ya pazia lenye maua. Haiwezi kukufundisha mahali pa kuulaza mkono.

Mwaka 1962 serikali ya Mali huru ikamwita awe mpiga picha wake, na mwito wa serikali mpya, katika siku zile za matumaini na za ukali, haukuwa jambo la kujibiwa kwa kusitasita. Studio ikafungwa. Akaitumikia dola mpaka akastaafu mwaka 1977, lakini jina lake halikujengwa juu ya picha hizo. Baadaye akawa akishughulika na injini, kwa kuwa alipenda mashine, na zile negativu za studio, maelfu kwa maelfu, zikakaa katika masanduku yao, zimehifadhiwa vema kama alivyohifadhi kila kitu.

Halafu likatokea jambo ambalo lingekuwa la kuchekesha kama lisingekuwa la kuhuzunisha. Mwaka 1991 yalifanyika New York maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika ya karne ya 20, na ukutani zikatundikwa picha zake kadhaa, watu wakasimama mbele yake wakistaajabu, na chini yake pakaandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Hajulikani, naye yu hai, Bamako, ana umri wa miaka kama 70, na jirani zake wote wanamjua! Mkusanyaji mmoja tajiri, Jean Pigozzi, aliziona, akamtuma André Magnin kwenda kumtafuta mwenyewe. Na Magnin alipofika Bamako na nakala za picha mkononi, alipelekwa kwa mpiga picha mwingine, Malick Sidibé, ambaye hakuhitaji kuzitazama mara mbili. Hizi ni za Keïta, akamwambia. (Sidibé naye alikuja kuwa na sifa zake, hata Venice ikampa tuzo ya Simba wa Dhahabu mwaka 2007; lakini nayapenda haya ya uaminifu wake kwa mkubwa wake kuliko tuzo ile.)

Mwaka 1994 jumba la Fondation Cartier, Paris, likamfanyia maonyesho yake mwenyewe, na mwaka uo huo Bamako ikaanzisha maonyesho ya picha za Afrika ambayo yamekuwa yakirudi kila baada ya miaka michache. Picha zake zikasafishwa upya katika karakana za Ulaya, zikakuzwa mpaka zikampita mtu urefu, weusi ukafanywa mweusi zaidi na weupe mweupe zaidi, zikauzwa kwa bei ambazo mteja wake wa 1950 angezidhania kuwa bei za nyumba. Yeye alifurahi kuziona kubwa, alikiri hivyo waziwazi, wala si haki yetu kumnyima mzee furaha yake. Alifariki Paris mwezi wa Novemba mwaka 2001, na mzozo juu ya negativu ukafika mahakamani, mambo ambayo nayapita upesi kwa kuwa hayanipi raha kuyaandika na hayaongezi lolote katika picha. Mwaka 2016 Grand Palais ya Paris ikamwonyesha tena, na humo, pamoja na zile kubwa, ziliwekwa picha zake ndogo za asili, zile za sentimita 13 kwa 18, zilizopigwa mhuri wake.

Hizo ndogo ndizo ninazoziona mimi kuwa kazi yake. Rangi zake ni laini, kijivu kimeingia taratibu katika kijivu kingine, na nyingine zilitiwa rangi kwa mkono, midomo na vito, na mafundi wa fremu wa Bamako. Picha kubwa humtaka mtazamaji asimame mbali na kushangaa. Ndogo humwita karibu, na ukikaribia huoni tena mfano wa Mwafrika wa enzi ya uhuru, kama wanavyopenda kuandika, bali unamwona Bwana fulani aliyenyoa asubuhi ile na kujikata kidogo.

Iko picha moja ya familia iliyopigwa kando ya gari lake la Peugeot 203, gari la kwanza alilolinunua kwa jasho la kazi hii. Watu wamejipanga, nguo zimetandazwa, gari limesuguliwa likang'aa. Na katika bawa la gurudumu, mahali pasipozidi ukubwa wa ukucha katika picha ya asili, amejitokeza mtu wa pili upande wa pili wa kamera: Keïta mwenyewe, amesimama na chombo chake, ameakisiwa na rangi ya gari lake. Hakukusudia pengine. Lakini alipoonyeshwa baadaye alijionyesha kwa kidole, akasema huyu ni mimi.

Wateja wake hawakupata wa kuwaonyesha kwa kidole. Kijana mwenye ua, mwanamke wa shuka la miraba, yule baba mkubwa wa mwili, mwenye kanzu nyeupe, aliyempakata mtoto mchanga kama apakatavyo mtu yai, wote wameingia vitabuni bila anwani, kwa kuwa fundi aliweka negativu na hakuweka daftari la majina, na kwa kuwa hapana aliyewahi kufikiri kwamba siku moja mgeni angeuliza.

Basi, msomaji, Jumapili hii ukipata nafasi, fungua sanduku la nyumbani kwenu, toa picha za zamani za studio, uzigeuze. Soma mhuri kama bado unasomeka. Kisha mpelekee mzee aliyebaki, yeyote, akutajie nani ni nani, aliyekaa na aliyesimama, na mwaka kama anaukumbuka, nawe uandike palepale nyuma, pembezoni, kwa penseli laini na bila kukandamiza. Usitumie kalamu ya wino, maana wino hupenya.